Upana wa Tairi Haubebi Mzigo

"Fundi, nikiweka tairi pana nyuma, si gari itabeba zaidi?"

Swali hili halikauki huku Kenyenya, Kisii, hasa siku za soko, na anayeuliza huwa ameshajijibu. Pesa anazo mfukoni, saizi ya 175 ameshaitaja, anachongoja ni kuambiwa ndiyo. Jibu ni hapana. Namba za kuthibitisha zimeandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe, kwa hivyo tuzisome.

Tuchukue Probox, maana ndiyo inayopanda milima yetu na abiria ndani na mikungu ya ndizi juu. Ile ya toleo lililoanza 2014 hutoka kiwandani na tairi la 155/80R14 88/86N LT. Wengi husoma 155 na 14, wakaishia hapo. 155 ni upana kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu: asilimia 80 ya huo upana, yaani milimita 124. R isikusumbue, karibu kila tairi la gari dogo siku hizi linayo. 14 ni rimu, kwa inchi. Sasa fika kwenye 88, namba ambayo sijaona mteja akiiulizia. Hiyo ndiyo namba ya mzigo, na maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja. (86 ni ya matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, kama nyuma ya lori, iache.) N ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 140 kwa saa. LT ni tairi la gari la mizigo.

Linganisha na hilo 175/70R14 unalolitaka. Asilimia 70 ya 175 ni milimita 122.5. Gari halijainuka, limeshuka milimita moja na nusu. Kisha soma namba ya mzigo. Kwa tairi la kawaida la saizi hiyo utakuta 84, na 84 ni kilo 500. Umeongeza upana kwa sentimita mbili, ukapoteza kilo 60 kwa kila tairi. Nyuma peke yake umepoteza kilo 120, uzito wa watu wazima wawili, na bado unashuka mteremko wa Ogembo ukiamini umeimarisha gari.

Sababu ni kwamba mpira haubebi gari. Kinachobeba ni upepo uliobanwa ndani, na tairi ni chombo cha kuuzuia usitoke. Tairi la LT lina mwili mgumu zaidi uliotengenezwa kustahimili upepo mwingi. La kawaida, hata liwe pana namna gani, hufikia kikomo chake cha mzigo likiwa na kama kilopaskali 250, yaani 36 kwa kipimo cha pampu zetu. Hapo ndipo mteja hudakia: "Basi nitatia 50." Tia 50, na kilo 500 zitabaki kilo 500. Utakachoongeza ni kuruka kwenye makorongo na kulika katikati. Mzigo ukizidi, ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, joto hupanda, nyuzi huachana na mpira, tairi huvimba ubavuni, na siku moja hupasuka. Mara nyingi hupasuka likiwa limebeba watoto wa watu.

Hata ukipata tairi lenye namba kubwa kuliko ya kiwanda, springi, bearing na breki ni zilezile. Probox ya mizigo ilipangiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Hakuna tairi linalobadilisha hilo, na ninakerwa na wauzaji wanaolijua hili na bado wanaitikia.

Unachoweza kufanya ni hiki. Rudisha saizi ya kiwandani. Imo, pamoja na kiasi cha upepo, kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Kibandiko kikiwa cha Kijapani, namba zinasomeka vilevile: gawanya kilopaskali kwa 7 upate kipimo cha pampu. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukibadilisha saizi, namba ya mzigo isishuke kamwe. Tafuta pia tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama tairi linang'aa dukani.

Hata tairi sahihi hupata pancha. Ikikupata njiani, usisimame kwenye mteremko ukiweza kusogea polepole hadi pa tambarare. Abiria washuke, breki ya mkono juu, jiwe lizibe gurudumu la kona iliyo mkabala na pancha, pembetatu za onyo mbali nyuma. Legeza nati kabla ya kuinua gari. Jeki ikae kwenye ubao, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa humeza jeki, na iguse sehemu yake iliyotengwa chini ya mlango, pengine popote patabonyea. Usiingize mwili chini. Tia spea, kaza nati kwa vidole, shusha gari, kisha kaza kwa spana ukivuka kutoka nati moja hadi ile inayoitazama. Tumia mikono, ukiruka juu ya spana kwa miguu unavuta bolti hadi zichoke. Ukifika Kisii mjini, kaza tena.

Na lile lenye pancha, usikubali lizibwe kabla ya kutolewa kwenye rimu. Ingiza mkono ndani. Ukitoka na unga mweusi wa mpira vidoleni, tairi hilo lilikimbizwa bila upepo na nyuzi zake zimeshakufa. Nunua jingine, lenye 88.