Watawa wanaocheza kwa ajili ya Mungu

Katikati ya mto Brahmaputra, jimboni Assam, kaskazini mashariki mwa India, kipo kisiwa cha Majuli. Huko wanaishi watawa wa Kihindu ambao hucheza ngoma kama wengine wanavyosali. Ngoma yao inaitwa Sattriya, na imelelewa ndani ya sattra, yaani nyumba za watawa.

Mwasisi wake ni Sankardev, mtunzi na mhubiri aliyefariki mwaka 1568. Alifundisha kwamba kimbilio ni moja tu, Mungu Krishna, na kwamba mlango wake haubagui tabaka. Wengi aliotaka kuwafikia hawakujua Kisanskriti, basi akawatungia michezo ya kuigiza yenye nyimbo na ngoma, inayokesha mpaka alfajiri. Asiyejua kusoma aliyaona maandiko yakitembea mbele yake.

Ibada hufanyika katika namghar, ukumbi mrefu wenye safu za nguzo. Mara nyingi mahali pa heshima hapana sanamu, bali kitabu, Bhagavata Purana, juu ya kiti cha enzi. Wapigaji huingia na nguo nyeupe na vilemba vyeupe, khol zikining'inia shingoni. Khol ni ngoma ya pande mbili. Mkono mmoja hutoa mlio mzito, wa pili mlio mkali, na matoazi yanadakia.

Mvulana huletwa sattra angali mdogo, akalelewa na mtawa mkubwa kama mwanawe. Haanzi na hatua za ngoma. Anaanza na mati akhora, mazoezi ya sakafuni: kuchuchumaa, kujipinda, kujiviringisha, mpaka viungo vikubali. Baadaye huenda akafundishwa Chali, ngoma laini ya Madhavdev, mwanafunzi wa Sankardev. Huicheza kwa madaha ya kike, na hakuna anayecheka, kwa sababu mchezaji hajionyeshi yeye. Ni mtumishi, mwili wake ameutoa ubebe habari za Krishna.

Ajabu ni kwamba wanawake wenyewe walifungiwa nje kwa karne nyingi. Walipata nafasi katika karne ya 20, baadhi ya watawa walipotoka kwenda kufundisha mijini, na wachezaji kama Indira P. P. Bora wakaipandisha Sattriya jukwaani. Mwaka 2000, Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa, iliitambua kuwa miongoni mwa ngoma kuu za jadi za India.

Wapo wanaonung'unika kwamba jukwaani tiketi imechukua nafasi ya sala. Mimi siwaungi mkono. Sankardev mwenyewe alitaka watu waingie, si wachungulie.

Kinachotisha zaidi ni maji. Tetemeko kubwa la Agosti 1950 liliujaza mto mchanga na udongo, na tangu hapo kingo za Majuli zinamegwa msimu wa mvua baada ya msimu. Sattra kadhaa zimeshahamia bara.

Anayetaka kuiona Sattriya huko Majuli kwenyewe aende wakati wa Raas, sikukuu ya mwezi mpevu wa Oktoba au Novemba, kisiwa kizima kinapoigiza maisha ya Krishna. Kivuko kinaondokea Nimati Ghat, karibu na mji wa Jorhat. Mlangoni mwa namghar, vua viatu.