Watoto Wetu na Makumbusho: Ziara ya Skuli ni Darasa

Kila mwaka wazazi wengi hupokea barua kutoka skuli ikiwaarifu kwamba watoto wa darasa fulani watapelekwa kuzuru makumbusho. Nauli na kiingilio ni kadha wa kadha, na kila mtoto aje na chakula chake. Mzazi huisoma barua hiyo, akahesabu fedha alizo nazo, kisha akauliza: Mtoto wangu atapata faida gani kwa kwenda kutazama magofu na vigae vya kale?

Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa uwazi. Ziara ya namna hiyo yaweza kuwa darasa ambalo mtoto hatalisahau maisha yake yote, na yaweza pia kuwa siku iliyopotea bure. Tofauti baina ya mambo hayo mawili hutokana zaidi na matayarisho yanayofanywa skuli na nyumbani kabla mtoto hajapanda basi.

NENO LENYEWE LATUFUNDISHA

Makumbusho ni mahali pa kukumbushia. Lakini nani awezaye kukumbushwa? Hakumbushwi ila aliyekwisha ambiwa jambo kwanza. Mtoto asiyepata kuelezwa habari yo yote juu ya wazee wake akipelekwa mbele ya bakuli la kale ataona bakuli tu, tena limevunjika. Aliyeelezwa ataona chombo kilichovuka bahari, ataona mkono uliokinunua, na ataona nyumba kilimowekwa.

Mwenyezi Mungu katika Kurani Tukufu amewahimiza watu, zaidi ya mara moja, watembee katika nchi na watazame mwisho wa waliotangulia ulikuwaje. Na tuangalie vema: mna kutembea, na mna kutazama. Skuli zetu nyingi hutimiza la kwanza. Watoto huingia kwa mstari, hupita upesi, hupiga kelele, hununua peremende mlangoni, wakarudi. Hilo la pili, la kutazama, ndilo linalohitaji kufundishwa.

Wala si jambo geni katika nchi zetu. Huko Unguja jumba la Beit el Amani lilifunguliwa mwaka 1925, nalo lilitumiwa kufundishia wanafunzi. Leo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana watu maalumu wa kazi ya elimu, ambao hupokea wanafunzi na kuwaeleza vitu wanavyoviona. Basi msaada upo kwa mwalimu anayeutafuta.

GEDI, MJI ULIOMO MSITUNI

Na tuchukue mfano mmoja ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Karibu na Watamu, kiasi cha kilomita 16 kutoka Malindi, umo msituni mji wa kale uitwao Gedi. Ulikuwa mji wa Waislamu, wenye kuta za kuuzunguka, jumba la mfalme, nyumba za mawe, visima, misikiti na makaburi. Wenyewe waliuacha katika karne ya 17, miti ikaota ndani ya vyumba. Bwana James Kirkman aliuchimbua kuanzia mwaka 1948 kwa muda wa miaka kama kumi, na mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mtoto afanye nini pale? Twataja mambo manne ambayo mwalimu ye yote aweza kuyaandaa bila ya gharama.

La kwanza ni kaburi lenye tarehe. Liko Gedi kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra. Mtoto apewe hesabu hii: mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua, hata miaka 33 ya mwezi ni sawa na karibu miaka 32 ya jua. Basi agawe 802 kwa 33. Atapata 24 na kidogo. Atoe 24 katika 802, zibaki 778. Aongeze 622, mwaka ambao Mtume Muhammad s.a.w. alihamia Madina, atapata 1400. Kisha aambiwe kwamba wataalamu husema 1399, ajue kwamba amekaribia sana kwa kalamu yake mwenyewe. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo mbele ya kaburi lenyewe amejifunza hesabu, tarehe na dini kwa mara moja.

La pili ni kibla. Mwalimu achukue dira aiweke mbele ya mihrabu ya msikiti mkuu, watoto watazame upande inakoelekea. Kisha warudi kwenye ramani ya dunia: Maka iko karibu kaskazini kamili ya Gedi, kwa kuwa miji hiyo miwili yakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini. Wazee wetu waliijua njia ya kibla kabla ya ramani hizi zetu kuchapwa. Waliijuaje? Swali hilo mtoto aende nalo nyumbani, akamwulize babu yake, mwalimu wake wa chuoni, na mvuvi anayesafiri kwa nyota.

La tatu ni maji. Kando ya msikiti kipo kisima, na lipo birika la kutilia udhu. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Mombasa mwaka 1331, akaandika kwamba wenyeji wake ni watu wa dini, na kwamba milangoni mwa misikiti yao mna visima, mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Mtoto akisimama penye birika la Gedi aona kwa macho jambo ambalo msafiri yule aliliandika juu ya mji wa jirani. Tena kisima kile kilipata kuongezwa kina, na wataalamu wengine hufikiri kwamba maji yalishuka na kupungua, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuhama. Wengine hutaja vita. Mtoto na aambiwe wazi kwamba wenye elimu hawajaafikiana, apime mwenyewe hoja zao. Kujua kupima hoja ni mali kubwa kuliko kukariri jibu moja.

La nne ni majina ya nyumba. Nyumba nyingine za Gedi zimeitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: iko nyumba ya mkasi, iko nyumba ya taa ya chuma, iko nyumba ya kauri. Vilipatikana vyombo vya Kichina pamoja na vya nchi nyingine za ng'ambo, na kwa wingi zaidi vyungu vya udongo vilivyofinyangwa huku huku kwetu. Mtoto aulizwe: Ikiwa nyumba yenu ingefukiwa leo na kuchimbuliwa baada ya miaka mia sita, ingeitwa kwa kitu gani? Na kitu hicho kingesema nini juu yenu? Tumeona watoto wasiopenda kusema darasani wakilijibu swali hili kwa maneno mengi.

NGOMENI, NA UKWELI USIOPENDEZA

Tukishuka kusini kiasi cha kilomita 100 twafika Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili waitawale bandari. Kuanzia mwaka 1895 serikali ya Waingereza iliifanya gereza, ikawa hivyo mpaka 1958. Mwaka 1962 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Yaani kuta zilizojengwa kuwatisha watu wa mji, na baadaye kuwafunga, leo zafundisha vitukuu vyao. Ni nani atakayemweleza mtoto mabadiliko haya kama si mzazi na mwalimu wake?

Hapo Ngomeni pana somo jingine, tena gumu. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Waarabu wa Oman pamoja na wenzao wa pwani waliizingira ngome hiyo, wakaitwaa mwezi wa Desemba 1698, baada ya miezi 33. Merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi wakavitoa vitu vyake baina ya miaka 1977 na 1980. Watoto hupenda kusikia kwamba Waislamu walikuwa nje na Wareno ndani. Lakini ukweli wenyewe una mambo zaidi, kwa sababu Waislamu wa Faza walikuwamo ndani ya ngome wakiilinda pamoja na Wareno, kwa kuwa walikuwa na ugomvi wao na majirani zao.

Je, jambo hili lifichwe? La, hasha. Mwislamu ameamrishwa kushuhudia haki ijapokuwa ni juu ya nafsi yake. Mtoto anayelelewa kwa habari za kujisifu tu, siku atakapousoma ukweli katika kitabu cha mtu mwingine, atamdharau aliyemficha. Bali mtoto aliyeambiwa ukweli na wazee wake atauchukua bila ya kutahayari.

MATAYARISHO NA MATOKEO

Yatupasa sasa kuyaeleza matayarisho yenyewe. Mwalimu atangulie kwenda peke yake kabla ya siku ya ziara, achague vitu vitano au sita tu. Anayetaka kuonyesha vyote haonyeshi hata kimoja. Awape habari watu wa elimu wa makumbusho ili wajue umri wa watoto na somo wanalolifuata. Darasa kubwa ligawanywe vikundi vidogo, na kila mtoto awe na karatasi yenye maswali machache, na nafasi tupu ya kuchora kitu kimoja alichokipenda. Kuchora kwamlazimisha mtu kutazama. Picha ya simu hupigwa kwa nukta moja, na aghalabu hairudiwi kutazamwa.

Nyumbani nako iko kazi. Usiku wa kuamkia safari, mama amwonyeshe mwanawe mbuzi ya kukunia nazi, kata ya kuchotea maji, au barua ya babu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, amwambie: kesho utaona vitu vilivyo ndugu zake hivi. Na mtoto arudipo, baba asiulize tu kama amekula. Amketishe amsimulie, tena asimulie mbele ya wadogo zake. Elimu husimama katika moyo wa mtu anapoifundisha.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako wasemao kwamba Gedi ni mahali pa mashetani, wasipeleke watoto. Sisi twasema: makaburi yale ni ya Waislamu wenzetu, na desturi yetu mbele ya kaburi ni salamu na dua, wala si hofu. Mtoto akifundishwa adabu hiyo hatapanda juu ya kaburi wala kuandika jina lake ukutani.

Wako wasemao kwamba fedha hazipo. Neno hili ni zito, nasi hatulipuuzi. Ni aibu kwetu sote mtoto mmoja anapobaki peke yake darasani siku wenzake wanapokwenda. Lakini fedha ikichangwa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka haiwi mzigo, na kamati za misikiti zaweza kuwalipia mayatima. Tena kama safari ya mbali haiwezekani, na waende kwa miguu. Watoto wa Mji wa Kale wa Mombasa wanao Msikiti wa Mandhry, unaosemwa kuwa umejengwa mwaka 1570, na wengi hupita mlangoni pake kila siku wasiulize.

Wako pia wanaomruhusu mwana wa kiume na kumzuia binti. Hao twawaomba wafikiri tena. Kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Mwislamu, mwanamume na mwanamke. Ikiwa shaka ni juu ya safari, waende walimu wa kike, na mama wawili watatu wafuatane nao. Tena hao mama nao watafaidika. Na vingi katika vitu vya makumbusho ni vya nyumbani: vyungu, shanga, taa, mikasi. Nani atakayevisoma vizuri kuliko binti aliyefunzwa kazi za nyumba na mama yake? Tukimbakiza nyumbani tumempoteza msomaji aliye bora.

NENO LA MWISHO

Vitu vya kale havina ulimi. Vyasubiri mtu aviulize, na kama watoto wetu hawakufundishwa kuuliza, watakuja wengine kuuliza na kujibu kwa niaba yao. Wazee wanaojua jina la kila chombo na kazi yake wanapungua mwaka hata mwaka, na hayo waliyonayo hayamo katika kabati la makumbusho yo yote. Basi, ndugu wazazi, itakapofika barua ya skuli, tieni sahihi. Kisha mkae na mtoto jioni ile ile, mwanze kumsimulia yale mnayoyajua.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu macho ya kutazama na akili ya kuzingatia. Amin.