Kasuku wa Shinyanga: Usimwite Chotara Haraka

Mkulima wa mtama wa Shinyanga hahitaji kuelezwa kasuku mdogo wa kijani ni nani. Hushuka shambani kwa makundi na kupukutisha punje kwa makelele, na watoto hushinda mchana kutwa wakimfukuza kwa makombeo. Kitaalamu ni kasuku wa Fischer. Mwanasayansi Anton Reichenow alimpa jina hilo mwaka 1887, akimkumbuka msafiri wa Kijerumani Gustav Fischer. Makao yake ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, hasa kusini na mashariki ya Ziwa Victoria.

Mwaka huohuo Reichenow alimpa jina ndugu wa karibu wa ndege huyu, kasuku shingo-njano, ambaye makao yake yanaanzia Tarangire na kushuka hadi Dodoma na Iringa. Porini kila mmoja ana upande wake, ingawa mipaka yao haiko mbali. Wakiwekwa pamoja hupandana, na vifaranga wao nao huzaa. Ushahidi uko Naivasha, Kenya, ambako hakuna hata mmoja aliye mwenyeji. Waliachiwa huko, wakaongezeka, na sasa kuna chotara wa kila aina ya rangi.

Utawatofautishaje? Wote wawili wana mdomo mwekundu na duara jeupe la ngozi kuzunguka jicho, basi hapo usipoteze muda. Anza na kichwa. Fischer ana paji lenye wekundu wa chungwa, mashavu na koo la rangi ya chungwa, na kisogo cha kijani kilichochanganyika na kahawia. Juu ya mkia ana buluu inayoelekea zambarau. Shingo-njano ana kichwa cheusi chenye ukahawia, kisha manjano safi shingoni na kifuani. Chotara huangukia katikati: kichwa cha kahawia kilichofifia, wekundu wa kutu kwenye paji, na chungwa linalovuja kifuani ambako pangekuwa na manjano matupu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kinda wa Fischer naye amefifia kichwani, na paji lake halijakolea. Mtazame mdomo: akiwa na madoa meusi kwenye shina lake, umri unatosha kueleza rangi hiyo. Manyoya yaliyochakaa na jua la jioni hubadilisha rangi pia. Mimi simkubali chotara kwa dalili moja. Nataka kichwa, kifua na juu ya mkia vyote viseme jambo moja, tena kwa ndege aliyekomaa.

Rangi si yote. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alimpandisha Fischer na kasuku uso-waridi wa kusini-magharibi mwa Afrika, na mwaka 1962 akachapisha aliyoyaona. Uso-waridi huchomeka vipande vya majani ya kujengea kiota katikati ya manyoya ya mgongo. Fischer hubeba kimoja kimoja kwa mdomo. Chotara wao walihangaika. Walichomeka, vikadondoka, wakaanza upya, na ilichukua miaka hadi wakazoea kutumia mdomo. Hata hapo waligeuza shingo kwanza, kama wanaotaka kuchomeka. Hao walikuwa tasa, tofauti na wale wa Naivasha. Dilger mwenyewe aliwahesabu Fischer na shingo-njano kuwa nususpishi tu. Leo wengi huwaita spishi mbili.

Kwa kuwa porini Fischer na shingo-njano kila mmoja ana upande wake, chotara akionekana Shinyanga au mjini Geita, dhana yangu ya kwanza ni kizimba kilichofunguliwa. Katika miaka ya 1980 Fischer alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa zaidi duniani, na mwaka 2016 Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Ili aliyeachiwa azaliane, tundu la mti nalo lina uzito wake, maana kasuku hawa hutaga humo. Kuzunguka machimbo ya Geita na Kahama miti inaondoka kwa mkaa na kwa matimba ya kushikilia mashimo. Kinyume chake, ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, zilizorejeshwa Shinyanga tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 zimeacha miti ikomae.

Ukimwona unayemshuku, piga picha ukiwa umelipa jua mgongo: paji, kifua, juu ya mkia. Andika mahali na tarehe, uwapelekee watunzaji wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Na wewe unayefuga kasuku nyumbani, usimfungulie porini, hata kwa huruma.