Sororiti ya Madem Wanne

Maze, sororiti za Marekani wengi tumezijua kwa muvi: jumba la nguzo nyeupe, madem mia wamepiga luku moja, nduru mlangoni. Na si uongo. Pale University of Alabama kuna chapta, yaani matawi ya sororiti, zinabeba madem zaidi ya 400. Lakini kuna zile hazipelekwangi muvi: madem wanne, hawana nyumba, mkutano ni kwa keja ya mmoja wao, mwingine amekaa kwa kitanda juu viti zimeisha.

Sororiti za madem weusi ndizo zinaijua hii life sana, haswa kwa kampasi zenye wazungu ndio wengi. Na si aibu, ni vile zilianza. Zeta Phi Beta ilianzishwa na madem watano, Howard University, 1920. Sigma Gamma Rho, 1922, walimu saba wa Indianapolis. Delta Sigma Theta walikuwa 22, wangetosha nissan mbili na viti vibaki, na bado hawakuwa wamemaliza miezi mbili tangu waanze Januari 1913 wakaingia tao Washington kwa yale maandamano ya wamama kudai kura.

Mi kura yangu naipea chapta ndogo, lakini sitakudanganya ni mteremko. Raha yake ni kujulikana. Ukikosa kuonekana siku mbili, mtu anabisha na dishi. Kwa ile ya 400, unaeza graduate na rais wa chapta bado anakuita "wewe mrembo". Alafu cheo zinakufuata: mwaka wa pili ushashika ganji za chapta, ushaandika barua kwa dean wa chuo, ushabishana na mwenye ukumbi juu ya depo. Hizo vitu darasani hufunzwi.

Sasa ngori. Ukumbi haukodishwi kwa bei ya watu wachache. Bili ni ile ile, mnaigawa kwa wanne, na huyo mwenye mathe wake anatuma doo kutoka mbali ndiye ataanza kununa. Mweka hazina pia ni katibu, pia ndiye anashika kamera. Wawili wakikosana, hakuna kundi la kukimbilia. Mkutano wote unakuwa wa kuangalia simu. Na mmoja akiharibu huko kampasi, jina linalochafuka ni la wote.

Mahali inauma zaidi ni kwa step, ile densi ya kupiga miguu na makofi. Madem arobaini wakikanyaga, mmoja akichelewa nani atajua? Mkiwa wanne, kofi moja ikipotea ukumbi wote umeskia. So mnapiga zoezi hadi usiku wa manane, magoti yanalia, na mtihani ni kesho asubuhi.

Kabla ujiunge, uliza swali moja: Mei nani wanagraduate? Ukiambiwa watatu kati ya wanne, jipange. Muhula ukifunguka, mkutano wa chapta ni wewe na laptopu yako.