Saa ya Tangazo



Katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, uvuvi husimamishwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Tangazo la marufuku hiyo likitolewa katika Facebook wakati mvuvi wa Kabuta yuko majini, atarejea alikute limefunikwa na habari nyingine. Ndiyo maana mtandao huo unaruhusu ujumbe kuandikwa leo na kupangiwa siku na saa ya kutoka.

Lakini mtambo hutii saa tu. Haujui lililotokea tangu jana. Kwanza, saa itajwe ni ya wapi: saa 2 usiku Dar es Salaam ni saa 1 usiku Nchelenge. Pili, salamu za furaha zilizopangwa zikitoka siku mtumbwi umezama, zitakuwa kejeli kwa wafiwa. Hivyo hapana budi awepo mtu wa zamu wa kuzizuia. Tatu, picha ya doria isitoke kabla askari wote hawajarejea, kwani humwonyesha mhalifu walipo.

Neno la kweli likitoka saa isiyofaa laweza kugharimu maisha ya watu.