Somo la Lishe Lianzie Kwenye Sufuria

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yake hushuka mijini kwa malori, viazi mviringo vya Njombe ndivyo vinavyokaangwa chipsi kwenye vibanda vya Dar es Salaam, na parachichi lake siku hizi linavuka bahari. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipopima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano, mikoa hiyohiyo mitatu iliongoza Tanzania kwa udumavu. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa takriban asilimia 50 kila mmoja, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Mtoto husemwa amedumaa pale kimo chake kinapokuwa chini mno ya kile kinachotarajiwa kwa mtoto mwenye afya wa umri wake. Hali hiyo hujengeka polepole, tangu akiwa tumboni hadi anapotimiza miaka miwili, na haina kelele. Mtoto anacheza, anacheka, tumbo limejaa ugali. Watoto wa majirani nao wana kimo hichohicho, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Sababu zake ni nyingi: mama aliyebeba mimba huku yeye mwenyewe ana upungufu wa damu, kuhara kwa mara kwa mara, maji yasiyo salama, kazi za shamba zinazomweka mama mbali na mtoto kutwa nzima. Chakula ni sehemu ya mnyororo huo, na ndiyo sehemu ambayo familia yenye shamba inaweza kuishughulikia leo jioni. Ghala likishajaa, bado kuna maswali ya kujibu. Ni nini hasa kinachoingia kwenye bakuli la mtoto? Mara ngapi kwa siku? Na nani anamfundisha kukipenda?

Tuanze na uji, maana ndio chakula cha kwanza cha watoto wetu wengi baada ya maziwa ya mama. Tumbo la mtoto mwenye kilo nane hubeba takriban robo lita kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha chai. Wanga wa mahindi, ukipikwa, hunywa maji na kuvimba. Unga kidogo tu hutosha kuifanya sufuria nzima iwe nzito. Mama anayetaka uji unaonyweka kwa urahisi hulazimika kuongeza maji, na hapo kikombe kinajaa maji zaidi ya chakula. Mtoto anashiba kabla hajapata nguvu anayoihitaji, na saa mbili baadaye analia tena. Akipewa uji huo mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba, upungufu hauepukiki hata kama gunia la unga limesimama mlangoni.

Dawa ya tatizo hili ilikuwa vijijini siku zote. Wanawake wanaotengeneza togwa wanajua kwamba ulezi au mtama ukilowekwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa, hutoa kimea, na kijiko cha kimea kikitiwa katika uji mzito huulegeza kwa dakika chache bila kuongeza hata tone la maji. Kinachofanya kazi hapo ni kimeng'enya cha amilesi. Mbegu inapoota hukitengeneza ili ikate minyororo mirefu ya wanga na kujilisha yenyewe. Kikiingia kwenye uji hukata minyororo ya uji vilevile. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha utafiti wao kuhusu njia hii ya kuandaa chakula cha mtoto kwa unga wa nafaka zilizooteshwa. Uji uliopikwa mzito kama ugali laini unageuka kuwa wa kunyweka, nguvu yote ikibaki ndani. Ukiachwa uchache uwe togwa, asidi inayojitokeza huzuia pia bakteria wengi wanaoleta kuhara. Ninaona fahari kubwa kwamba elimu hii ilitoka kwenye vyungu vya akina mama, na ninaona huzuni kwamba leo wazazi wengi vijana wanaufahamu unga wa lishe wa dukani kuliko kimea cha bibi zao.

Mwaka huohuo wa 1983 Serikali ya Tanzania, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hadharani, matokeo yakajadiliwa na kijiji chenyewe, na wazazi wakajiuliza kwa nini wengine wanakua na wengine hapana. Moja ya majibu yaliyojitokeza ni idadi ya milo: mtoto mdogo hawezi kukua kwa milo miwili. Vijiji vikaanzisha vituo ambako watoto walilishwa mama akiwa shambani. Ndani ya miaka mitano hivi utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu. Kwamba mkoa huohuo umerudi kileleni kwa udumavu kunatuambia kuwa elimu ya lishe hairithiwi kama shamba. Kila kizazi cha wazazi kinapaswa kufundishwa upya, na wakati mzuri wa kumfundisha mzazi ni akiwa bado mtoto.

Mtoto naye hujifunza chakula mapema kuliko tunavyodhani. Julie Mennella na wenzake, wa kituo cha utafiti wa ladha na harufu cha Monell mjini Philadelphia, walichapisha mwaka 2001 jaribio lililofanywa kwa wajawazito. Baadhi ya wanawake hao walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, wengine wakati wa kunyonyesha, na wengine walikunywa maji tu. Watoto walipoanza kula nafaka iliyotiwa ladha ya karoti, wale walioionja karoti tumboni au kwenye maziwa ya mama hawakukunja uso sana kama wale wengine. Ladha za chakula cha mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Mjamzito anayekula mchicha, dagaa na matembele tayari anamwandalia mwanawe makaribisho ya vyakula hivyo.

Halafu inakuja ile miaka ya kukataa. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hukiogopa chakula kigeni, hasa cha kijani na chenye uchungu kidogo. Mzazi anaona ni deko. Kwa kweli ni kinga ya kale: mtoto aliyekwisha kutembea peke yake porini alihitaji kutilia shaka jani asilolijua. Woga huo hupungua kwa kuonja. Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha kuanzia miaka ya 1980 kwamba mtoto huanza kukipenda chakula kipya akishakionja mara nyingi, mara nane, kumi au zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Wanasema, "Huyu hali figiri," na figiri haionekani tena kwenye sahani yake, wakati alikuwa nusu ya njia.

Birch aligundua pia jambo ambalo nyumba nyingi za Waswahili zinalifanya bila mpango. Aliwakalisha watoto wadogo waliokuwa hawapendi mboga fulani pamoja na wenzao wanaoipenda, na baada ya siku chache wakaanza kuichagua wenyewe. Sinia la pamoja ni darasa la namna hiyo: mdogo anaona mkono wa kaka unapoelekea, naye anafuata. Isipokuwa kwamba kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili sinia ni mashindano asiyoweza kushinda. Huyo atengewe bakuli lake, lakini akae palepale mkekani na wenzake, aone wanavyokula.

Jambo ambalo ningeomba liachwe kabisa ni ile ahadi ya "maliza mboga upewe soda." Baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba mtoto anayelipwa ili ale chakula fulani baadaye hukipenda kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Anasoma ujumbe vizuri: mboga ni adhabu, soda ni zawadi. Na soda yenyewe, chupa ya mililita 350, huwa na sukari ya takriban vijiko tisa vya chai, kiasi ambacho kwa mtoto mdogo kinapita kiwango cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Je, mtoto akiachiwa achague mwenyewe? Daktari Clara Davis alilijaribu swali hili nchini Marekani kuanzia mwaka 1926. Aliwalea watoto 15 waliokuwa ndiyo kwanza wanaachishwa ziwa, na kwa miezi, wengine kwa miaka, akawaacha wale walichotaka kutoka kwenye orodha ya vyakula 34. Baadhi ya siku mtoto mmoja angependelea mayai, siku nyingine ndizi. Kwa ujumla walikua vizuri, na mtoto mmoja mwenye matege alikunywa mafuta ya samaki kwa hiari yake hadi mifupa ikapona. Wengi hulitaja jaribio hili kana kwamba linathibitisha kuwa mtoto anajua yote. Davis mwenyewe alisisitiza kwamba siri ilikuwa kwenye orodha: nyama, samaki, nafaka, mboga, matunda, maziwa, vyote vya kawaida, bila sukari na bila vya kopo. Mtu mzima alichagua nini kiwekwe mezani, mtoto akachagua ale kipi na kiasi gani. Ugawaji huo wa kazi unafaa nyumba yoyote, iwe Mbezi au Makete. Kumshindilia mtoto tonge mdomoni hakumfundishi lishe, na kumwachia mia mbili ya jojo na biskuti kila asubuhi hakumfundishi pia.

Shuleni tunayo michoro ya makundi ya vyakula ukutani, na watoto wanaijibu vizuri kwenye mtihani. Kisha kengele inalia, wanapanga foleni, na sufuria inawapa ugali wa sembe na maharage Jumatatu, makande Jumanne, ugali na maharage tena Jumatano. Somo la pili ndilo linalobaki. Sisemi hivyo kuyadharau maharage. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, kwa hiyo makande ni mlo wenye akili. Lakini mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe hupoteza kiini na pumba, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini B, madini chuma na zinki. Shule inayosaga dona inawapa watoto vitu hivyo bila kununua chochote cha ziada. Ikiongeza majani ya maboga na kipande cha ndimu, imefanya zaidi: madini chuma ya kwenye mboga na maharage huingia mwilini kwa shida, vitamini C ya ndimu huyafungulia njia, ilhali chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, fiteti inayoshikilia zinki na chuma hupungua. Karoti, boga na viazi lishe vya rangi ya machungwa vinahitaji mafuta kidogo ili vitamini A yake ifyonzwe. Mpishi wa Pwani anayeunga kisamvu kwa nazi na karanga anaifanya kazi hiyo kila siku, na mtoto anayemsaidia kukuna nazi anaweza kuelezwa sababu yake palepale jikoni.

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuelewa yote haya akiyaona kwa macho. Mpe vikombe viwili vya uji mzito, kimoja kitiwe kimea, asubiri, akoroge. Mpe tuta moja la mchicha. Baada ya wiki tatu au nne anavuna, na mboga aliyoipanda mwenyewe ataionja. Mwonyeshe karanga safi na karanga yenye ukungu, aijue na aitupe, maana ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu inayodhuru ini. Nyumba nyingi za vijijini humwachia dada wa miaka tisa au kumi kazi ya kumpikia mdogo wake. Kwa kimo chake mwenyewe tumeshachelewa kiasi, lakini kwa huyo aliyembeba mgongoni bado wakati upo, na somo alilolipata shuleni leo linaweza kuingia kwenye bakuli jioni hiihii.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu, kabla ya kuagiza chati nyingine ya ukutani, kaa na kamati ya shule na wazazi muiangalie ratiba ya chakula: dona, mboga za majani kila siku, tunda la msimu, dagaa pale inapowezekana. Nawe mzazi, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikifika, mpeleke mtoto apimwe urefu pamoja na uzito, uliza namba yake, na uliza inamaanisha nini.