Matete Yanavyosafisha Maji ya Dampo

Mvua ikinyesha juu ya dampo, maji hupenya kwenye taka, yakapita katika mabaki ya vyakula, betri na makopo ya rangi, kisha yakachuruzika chini yakiwa meusi na yenye harufu kali. Huwa yamebeba uozo, amonia, chumvi, vijidudu vya maradhi na pengine risasi. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambako msimu mmoja wa mvua huchukua takriban nusu mwaka, maji hayo yakiachwa hufuata mabonde yenye chemchemi na visima, kuelekea mto Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika.

Kuyasafisha hakuhitaji mitambo ya gharama. Bwawa la kwanza huchimbwa lenye kina kirefu. Humo bakteria wasiohitaji hewa huyeyusha uozo na kutoa gesi ya methani, nazo metali nyingi hutuama kwenye tope. Maji kisha huteremshwa kwenye ngazi za mawe ili yashike oksijeni, yakaingia katika kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, mafunjo au mimea mingine mirefu ya kinamasi ya kienyeji. Hapo ndipo kazi ngumu hufanyika. Mimea yenyewe hufyonza kiasi kidogo tu; wasafishaji hasa ni bakteria waliojishikiza kwenye kokoto na mizizi. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitrati, jingine, palipokosa hewa, hugeuza nitrati kuwa naitrojeni inayopaa bila madhara. Hatua hizo mbili lazima zifuatane: nitrati nyingi katika maji ya kunywa huhatarisha watoto wachanga, kwani huzuia damu kubeba oksijeni.

Vitalu vya aina hii vimetafitiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1990, zaidi kwa majitaka ya vyooni. Ya dampo ni makali kuliko hayo. Dampo likizeeka, uozo laini hupungua lakini amonia hubaki nyingi, na ikizidi huua matete. Kwa hiyo maji hulazimika kupunguzwa makali kwanza, hata kwa kuyachanganya na yaliyokwisha kusafishwa.

Ulinzi wa bei nafuu kuliko wote ni mtaro unaozuia maji ya mlimani yasiingie damponi. Bila huo, masika hufurisha mabwawa na kukokota kila kitu bondeni. Tope la bwawa la kwanza hurudishwa damponi, na matete yaliyokatwa hayalishwi mifugo.